Natafuta fundi wa mifereji wa kunifunza kazi. Niko Mshomoroni, sijui kitu bado

#1 Dogo_Mshomoroni

Salaam wakubwa. Nina miaka 19, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana nikapata D+. Nataka kujifunza ufundi wa mifereji. Sio kwamba nimekosa jambo jingine la kufanya, ni kwamba kazi yenyewe naipenda.

Kwetu maji ya kaunti huja siku moja kwa wiki, tena usiku. Siku zingine ni kisima, chumvi tupu, sabuni haitoi povu. Koki hazidumu miezi sita. Fundi akija kubadilisha mimi hukaa pale nikimtazama mikono mpaka mama aniite mara tatu. Mwezi uliopita koki ya uani ilikuwa yadondoka, nikaifungua mwenyewe, nikakata wasa kwa mpira wa champali iliyokatika. Yashika mpaka leo.

Sasa nimezunguka wiki tatu. Kongowea, Mwembe Tayari, Bombolulu, mpaka Majengo. Kila hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, naingia nauliza kama kuna fundi anataka kijana. Naambiwa acha namba, tutakupigia. Aliyenipigia mpaka sasa ni mama, kuuliza niko wapi. Saiti moja Nyali msimamizi aliniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi. Nikamwambia sina, ndio nautafuta. Akacheka, akasema basi beba zege, mia saba kwa siku. Nilibeba siku mbili, nikaacha. Pesa nilipata, lakini bomba sikuligusa.

Kuna fundi mwingine asema nimpe 15,000 ndio anifunze miezi sita. Nyumbani hatuna hizo.

Naomba ushauri: nianze chuo au nianze na fundi? Hiyo 15,000 ni haki? Na fundi mzuri hupatikana wapi?

#2 Pweza_Mkavu

D+ na wasa ya champali. Wewe ushakuwa fundi, kilichobaki ni kuchelewa kufika na kuzima simu.

#3 Mzee_wa_Makupa

Mwanangu, waalaikum salaam. Usimsikize Pweza, huyo hata balbu hubadilishiwa na mkewe.

Mimi niko kwenye kazi hii mwaka wa 31 sasa. Wasa ya champali nimeikata mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, enzi ambazo duka likifungwa saa kumi na moja basi limefungwa. Ulichofanya ni dalili nzuri. Makosa yako ni mahali unapouliza na saa unayouliza.

Wewe waingia dukani saa nne ya asubuhi, wamuuliza mwenye duka. Mwenye duka hana kazi ya kukupa, ana bidhaa. Saa nne mafundi wote washapanda mapaa. Nenda saa kumi na mbili u nusu, duka halijafunguliwa, usimame pale nje. Fundi yuwaja na karatasi yake: elbo tano, tii mbili, yunioni, tepu, na mabomba manne ya mita nne nne. Ana pikipiki au yuwangoja tuktuk. Mabomba yamemshinda. Hapo ndipo wamwambia, "Ami, nikusaidie kubeba mpaka saiti?" Usimwambie wataka kufunzwa. Mbebee. Ukifika saiti usiondoke. Mpe spana kabla hajaiomba. Jioni ndio umwambie haja yako.

Mimi nilimpata fundi wangu hivyo hivyo, pale Mwembe Tayari. Siku nne alinipuuza. Ya tano msaidizi wake akapatwa na homa.

Jambo la pili ni msimu. Wengi hawalijui. Mahoteli ya Nyali, Bamburi na Shanzu hufanya matengenezo masika, wageni wakipungua, Aprili mpaka Juni. Vyumba vinafungwa, vyoo vinang'olewa, mabomba yanabadilishwa sakafu kwa sakafu. Mafundi wa nje huitwa kwa wingi na kila fundi hutaka mikono miwili mitatu ya ziada. Kwa hivyo Machi uwe ushajulikana uso. Ramadhani kazi ya majumbani hupoa, ila wiki ya mwisho kabla ya Idi kila mtu akumbuka choo chake chavuja.

Na nikwambie kwa nini Mombasa ni shule nzuri kuliko unavyodhani. Maji yetu yatoka mbali: Mzima kule Tsavo, bomba lililolazwa miaka ya 1950, na Baricho kule Sabaki, na Marere, na Tiwi. Hayatoshi. Kwa hivyo nyumba ya Mombasa ina mifumo miwili au mitatu ndani yake: maji ya kaunti yaingia tangi la chini, pampu yapandisha tangi la juu, kisima nacho kina laini yake, na mwenye nyumba hataki maji ya chumvi yaingie jikoni. Kijana aliyejifunzia mahali maji yapo saa ishirini na nne hajui kitu kuhusu pampu, vali ya kuzuia maji yasirudi, wala laini iliyoingia hewa. Wewe utayajua yote kabla ya mwaka kwisha.

Chumvi nayo ni mwalimu. Bomba la chuma lianzalo kuoza, tazama penye nyuzi, ile mikato ya kufungia viungo. Pale fundi alipokata nyuzi alikwangua ile zinki, na chuma chenyewe kimebaki chembamba. Chumvi hula hapo kwanza. Ukijua hilo, ukiingia nyumba ya zamani huko Mji wa Kale hutapoteza muda kutafuta uvujaji katikati ya bomba.

#4 Bint_Likoni

Mzee amesema vizuri kuhusu kuingia. Mimi nitasema kuhusu kukwama, kwa sababu ndiko vijana wengi wanakoishia.

Nilianza nikiwa na miaka 20. Nilipata fundi haraka, mtu wa karibu na nyumbani, hodari kabisa wa mikono. Nikabeba mfuko wake miaka miwili. Miaka miwili, wakubwa! Nilipasua kuta kwa nyundo na patasi kutoka Likoni mpaka Diani. Nilichanganya saruji ya kuziba. Nilivuka feri alfajiri na mabomba begani watu wakinitazama kama kioja. Mashine ya kuunganishia PPR, yale mabomba ya plastiki, nilikuwa naibeba mimi, naichomeka mimi, naifuta mimi. Kuunganisha, ng'o. Kila nikiomba: "Wewe ngoja, utaharibu, vifaa ni ghali." Siku nyingine hunituma dukani wakati anafunga pampu, nikirudi kazi imeisha.

Mwanzo nilidhani ni roho mbaya. Baadaye nikapiga hesabu. Alikuwa akinilipa 500. Fundi msaidizi angemlipa 1,200. Siku nitakayojua kuunganisha, mimi si wa 500 tena. Kwa hivyo alikuwa na sababu nzuri ya kutonifunza, na mimi nilikuwa namuombea dua kila siku.

Dogo, tofauti ya kibarua na mwanagenzi ni hiyo. Wote wawili hubeba. Wote wawili huchimba. Ila mmoja ana tarehe. Ukimpata fundi, baada ya wiki mbili za kumuonyesha wewe si mvivu, muulize kwa adabu: "Ami, mashine nitashika lini?" Akikwambia mwezi wa tatu, sawa. Akikwambia "tutaona", mpe miezi miwili na huku ukitafuta mwingine. Akikasirika kwa kuulizwa tu, ushajibiwa.

Fundi wangu wa pili nilimuuliza siku ya kwanza kabisa. Akanipa vipande vya bomba vilivyobaki, vifupi fupi, akasema jioni kazi ikiisha unganisha hivi mpaka vikome. Mwezi mmoja nikawa nafunga bafu zima yeye akiwa chini anakunywa chai.

Na kwa madada wanaosoma: mteja atakufungulia mlango aangalie nyuma yako, "fundi yuko wapi?" Mwambie ndiye huyu, ingia, fanya kazi. Usipoteze dakika kumi kumshawishi. Mama wa nyumba wengi sasa wanipigia mimi moja kwa moja kwa sababu mume yuko kazini na hawataki mwanamume mgeni aingie mpaka bafuni. Ni kazi nisiyoitarajia, lakini ndiyo inayonilipia nyumba.

#5 Dogo_Mshomoroni

Dada ahsante sana. Ami pia. Samahani kwa ujinga wangu, hiyo mashine ya PPR ndiyo ile kama pasi? Ni ngumu kiasi gani hadi mtu afichwe miaka miwili?

#6 Bint_Likoni

Haina ugumu wowote, ndio maana inafichwa 😂

Ndiyo, kama pasi yenye masikio mawili. Inapanda nyuzi joto 260. Unasukuma bomba sikio moja na elbo sikio la pili, kwa pamoja. Bomba la milimita 20 ni sekunde tano. La 25 ni saba. La 32 ni nane. Unatoa, unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia mpaka igande. Basi.

Kosa la wanafunzi wote: wanadhani joto zaidi ni nguvu zaidi. Anahesabu mpaka kumi "ili ishike vizuri". Plastiki inayeyuka kupita kiasi, ukisukuma inajikunja kwa ndani, tundu linazibika nusu. Nje kiungo kinapendeza, hakivuji, presha kinashika. Nilifanya hivyo mwenyewe, jumba moja la ghorofa tatu Nyali. Vigae vimepigwa, rangi imepakwa, mwenye nyumba anafungua bafu la juu, maji yanatoka kama mkojo wa mzee. Tulipasua vigae vya watu. Fundi wangu hakunigombeza. Alinikata malipo ya siku nne na akaniacha nipasue mwenyewe.

#7 Mzee_wa_Makupa

Mkojo wa mzee tena? Tuheshimiane.

#8 Daftari_la_Mikopo

Nina duka la hadiwea upande wa Kisauni, na nimekuwa nikisoma kimya. Mzee, umetuonea kidogo. Kweli sina kazi ya kumpa kijana, lakini nina kitu kizuri kuliko kazi. Nina daftari.

Dogo, ukija kwangu usiulize "kuna fundi anataka kijana?" Swali hilo nalisikia mara nne kwa siku. Niulize hivi: "Fundi gani hapa hulipa deni lake?" Mimi nawajua wote. Najua anayechukua vifaa vya mteja Jumatatu na kulipa Ijumaa. Najua anayedaiwa na maduka matatu na sasa anazunguka barabara ya nyuma. Huyo wa pili, kama hanilipi mimi mwenye mali, atakulipa wewe uliyebeba bomba?

Najua pia anayerudisha elbo mbili zilizobaki na anayedai zimeisha. Anayerudisha, mwenye nyumba wake humwita tena. Kazi zake hazikatiki. Mfuate huyo hata kama anaongea kwa ukali.

Hiyo 15,000: nimeona watu wakilipa, na wachache wamefunzwa kweli. Lakini wengi fundi hula pesa wiki ya kwanza, wiki ya pili simu haipatikani. Kama huna, usikope. Kazi yako ya kubeba na kuchimba tayari ni ada.

#9 Mzee_wa_Makupa

Daftari amenishinda kwa hoja. Nakubali.

#10 Karakana

Mimi ni mwalimu wa karakana, nafunza bomba. Naona mmeongea mengi ya mtaani, hakuna aliyejibu swali la chuo.

Kijana, kwa D+ milango haijafungwa. Kozi ya cheti cha krafti yaanzia D ya kawaida, wewe umepita. Aliye chini ya hapo huanzia atizani, cheti cha ngazi ya chini yake. Vituo vya ufundi vya kaunti, vile tulivyozoea kuviita politekniki za vijiji, hupokea hata wasiofika sekondari, na karo yake si ya kutisha. Nenda uulize kwa mguu, usitegemee matangazo.

Faida ya chuo ambayo hamkuitaja ni barua. Hoteli kubwa na kampuni za ujenzi haziwezi kumchukua mtu wa barabarani, lakini mwanafunzi mwenye barua ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, na bima humchukua. Nimewapeleka vijana idara za matengenezo za hoteli ambako wasingepita hata getini.

Kisha kuna NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, wale wazee huita DIT mpaka leo. Wana kituo hapa Mombasa. Mtihani wao wa ufundi hauulizi umesomea wapi, wauliza waweza au huwezi. Waanza Gredi ya Tatu, halafu ya Pili, halafu ya Kwanza. Aliyefunzwa na fundi mtaani hukaa mtihani mmoja na aliyetoka chuoni. Wapewa mchoro na vifaa, wakata, waunganisha, wapimwa. Vijana wa mtaani huanguka kwenye kusoma mchoro. Vijana wa chuo huanguka kwenye mikono. Nimeona hivyo kila mara.

Jingine ambalo wengi hawalijui: mwajiri aliyesajiliwa hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ni ada ya mafunzo ya viwandani. Na sheria, Sura ya 237, inautambua mkataba wa uanagenzi ulioandikwa na kusajiliwa, wenye muda maalumu. Kampuni ndogo za mtaani hazijisumbui nao. Lakini ukienda kampuni kubwa, waulize kama huchukua wanagenzi kwa mkataba. Uliza kwa jina hilo, "uanagenzi". Ukisema "kazi" watakwambia hakuna.

#11 Mzee_wa_Makupa

Mwalimu, nakuheshimu. Lakini cheti hakizibi bomba. Nimeletewa vijana wana vyeti viwili, hawajui kulaza bomba la choo. Waulize bomba la inchi nne lishuke kiasi gani, wakutazama.

#12 Karakana

Sentimita mbili na nusu kila mita, mzee. Hilo lafunzwa wiki ya kwanza, na aliyelisahau alikuwa amelala.

Babangu alisoma pale Tudor ilipokuwa MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kabla haijawa politekniki na kabla haijawa Chuo Kikuu cha Kiufundi. Walifunzwa darasani asubuhi na karakana mchana. Hakuna aliyewauliza wachague moja. Ugomvi huu wa cheti na mikono tumeuleta sisi. Na nikuulize, mzee: wewe umewahi kupata kazi ya mkandarasi mkubwa moja kwa moja, au hupitia kwa kijana mwenye karatasi anayekukata asilimia?

#13 Mzee_wa_Makupa

...

Huyo kijana nimemfunza mimi mwenyewe.

#14 Pweza_Mkavu

Haya, uzi ushapata mshindi. Twendeni tukanywe kahawa.

#15 Bint_Likoni

Mzee usivunjike moyo, nenda kafanye mtihani. Nilikaa Gredi ya Tatu na baba mmoja mwenye mvi kichwa kizima, alimaliza kabla yetu sote kisha akakaa akitusubiri.

Dogo, mimi kwa hali yako ningefanya hivi: fundi sasa, kwa sababu nyumbani mnahitaji chochote cha jioni. Weka hamsini hamsini kando kwa ajili ya mtihani. Kila kazi unayofanya piga picha kabla hujafunika ukuta, si baada. Baada ya vigae kila bafu linafanana. Picha za kabla ndizo zilinipa kazi Kiembeni, mwenye nyumba alitazama viungo akasema njoo kesho.

Na nunua vyako kidogo kidogo. Spana ya kurekebisha kwanza, utepe wa kupimia, halafu msumeno wa chuma. Fundi akikuona na spana yako mwenyewe anakusemesha tofauti.

#16 Dogo_Mshomoroni

Wakubwa, nimerudi. Zimepita wiki tatu na siku mbili.

Nilisimama nje ya hadiwea Kongowea, saa kumi na mbili na robo. Siku ya kwanza askari wa duka akanifukuza, akadhani nataka kuiba. Ya pili nikamletea mahamri ya mama, tukawa marafiki. Ya tatu na ya nne hakuna kitu, niliambiwa "leo sina kazi kubwa". Nikamuuliza mwenye duka swali la Daftari. Alinitazama sana. Akaniuliza nani amenituma. Kisha akanionyesha kwa kidevu tu, mzee mmoja mfupi ana baiskeli. Baiskeli! Mimi nilikuwa nawatazama wenye pikipiki.

Nilimbebea mabomba mpaka Mwandoni kwa miguu, yeye akiendesha polepole mbele. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika akaniuliza nimekula. Yuwanilipa 400 na chakula cha mchana. Najua ni kidogo kuliko zege. Siku ya kumi nikamuuliza lile swali la dada, kwa adabu, moyo wanidunda. Akanyamaza, akafunga mfereji, akasema, "Ijumaa baada ya swala."

Ijumaa nikaunganisha viungo vitano vya 20. Nilihesabu tano tano kama mlivyosema, lakini cha kwanza mkono ulitetemeka nikachelewa kutoa. Akakikata katikati kwa msumeno akanionyesha tundu. Limebaki kama la kalamu. Vile vinne vingine ni sawa. Kile kibovu akanirudishia, akasema kaa nacho. Ninacho mfukoni sasa hivi.

Kesho twaenda Utange, tangi la lita elfu tano, mwenye nyumba asema boli koki, ile koki yenye boli la kuelea, haifungi na maji yamwagika usiku kucha. Fundi ameniambia nitapanda mimi.

#17 Mzee_wa_Makupa

Mashallah. Ukipanda usikimbilie kubadilisha wasa. Tazama kwanza kama ule mkono wa boli wagusa ukuta wa tangi. Watu huufunga karibu sana na pembe, ukikwama haupandi hadi juu. Kisha litoe lile boli ulitikise karibu na sikio. Likisema maji, limetoboka.

Na shika ngazi kwa mikono miwili, mabomba yatasubiri.

#18 Daftari_la_Mikopo

Wa baiskeli namjua. Hajawahi kuniomba muda wa kulipa.

#19 Dogo_Mshomoroni

Lilisema maji.